Mapumziko Mafupi ya Msimu wa Chini katika Pwani ya Cornwall: Mwongozo wa Kupanga

Cornwall ni kaunti ya mwisho kabisa kusini-magharibi mwa Uingereza, ulimi wa ardhi uliozungukwa na bahari pande zote isipokuwa mashariki, ambako mto Tamar unaitenga na kaunti ya Devon. Ncha yake ya magharibi, inayoitwa Penwith, ni ya itale, yaani jiwe gumu lililotokana na ujiuji wa moto uliopoa polepole chini ya ardhi, na magenge yake hupokea mawimbi yaliyosafiri Atlantiki nzima bila kukutana na kizuizi. Katika miezi ya Julai na Agosti barabara zake nyembamba husongamana magari, nyumba hukodishwa kwa wiki nzima kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, na bei hupanda kiasi cha kumkatisha tamaa mtu mwenye kipato cha kawaida. Kuanzia Novemba hadi katikati ya Machi mambo hugeuka: nyumba zilezile hutolewa kwa siku tatu au nne, kwa kawaida kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu au Jumatatu hadi Ijumaa, na njia za pwani hubaki na wenyeji na mbwa wao. Kipindi hicho ndicho wafanyabiashara wa utalii hukiita msimu wa chini.

Hata hivyo, kinachofanya bei ishuke si bahati bali ni sababu zinazoeleweka, nazo ni usiku mrefu, mvua, upepo, na milango mingi iliyofungwa, na msafiri asiyezizingatia sababu hizo atalipa kidogo na kupata kidogo. Ndiyo maana safari ya namna hii haipangwi kwa kuanza na orodha ya vivutio, kama inavyofanywa katika safari nyingi za kiangazi, bali kwa kuanza na mambo matatu ambayo hakuna hoteli wala wakala anayeweza kuyaamuru: mwezi, mwanga na upepo. Mambo hayo yakishapangwa, vivutio hujipanga vyenyewe.

Mwezi na maji

Tarehe ndiyo ya kuamuliwa kwanza, na inafaa ichaguliwe kwa kutazama mwezi kabla ya kutazama bei. Msomaji aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja hahitaji kufundishwa bamvua, yaani siku za kuandama na kupevuka kwa mwezi ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, wala maji mafu, yaani siku za katikati ambapo tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Katika bandari ya Newlyn, iliyopakana na mji wa Penzance, tofauti hiyo hukaribia mita 5 wakati wa bamvua na hupungua hadi nusu yake wakati wa maji mafu. Lakini lenye faida zaidi kwa mpangaji ni saa ambazo mabadiliko hayo hutokea. Wakati wa bamvua maji ya Newlyn hujaa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, alfajiri na jioni, kwa hiyo kupwa kwake huangukia karibu na saa tano au saa sita mchana. Wakati wa maji mafu hali hugeuka, maji yakajaa karibu na adhuhuri na kupwa wakati ambapo giza bado halijatoka au limeshaingia. Tabia hii hurudi kila nusu mwezi, mwaka mzima.

Maana yake ni kwamba siku mbili tatu zinazofuata mwezi mpevu au mwezi mwandamo humpa msafiri ufuo mpana uliokauka katikati kabisa ya mchana mfupi wa majira ya baridi, ambapo wiki moja baadaye ufuo uleule, kwa saa ileile, ni maji matupu yanayopiga mwamba. Wakulima wa mwani wa mashariki mwa Unguja hupanga kazi yao kwa kanuni hiyohiyo. Yapo maeneo ya Cornwall ambayo hayana maana yoyote pasipo kupwa. Kynance, ghuba ndogo iliyo katika rasi ya Lizard, ina mchanga na mapango yanayofikika wakati wa kupwa tu. Kisiwa cha St Michael's Mount, chenye kasri juu ya kilele chake, hufikiwa kutoka kijiji cha Marazion kwa njia ya mawe inayofunuka kwa takriban saa nne kila maji yanapokupwa, na kwa kuwa mashua za kuvusha wageni kwa kawaida hazifanyi kazi majira ya baridi, njia hiyo mara nyingi ndiyo pekee. Kasri lenyewe hufungwa kwa sehemu kubwa ya msimu huo, jambo ambalo halipaswi kumzuia mtu kuvuka, maana kutembea juu ya sakafu ya bahari kuelekea kisiwani ni sehemu bora ya ziara hiyo hata wakati kasri liko wazi.

Jedwali la kujaa na kupwa hupatikana bure mtandaoni, na pia huuzwa madukani kama kijitabu chembamba. Linaposomwa, tahadhari mbili zinahitajika. Ya kwanza ni kwamba Waingereza huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 16:20 ya jedwali ni saa kumi na dakika ishirini jioni kwa hesabu ya Kiswahili, na saa zote za mwongozo huu zimetajwa kwa hesabu hiyo ya pili. Ya pili ni kwamba majedwali mengine huandikwa kwa saa ya Greenwich mwaka mzima, ilhali saa za nchi husogezwa mbele kwa saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Anayesafiri kati ya Novemba na katikati ya Machi yuko salama, lakini atakayechelewa hadi Aprili aongeze saa moja, la sivyo atajikuta upande usiofaa wa maji. Newlyn yenyewe si bandari ya kawaida katika mambo ya vipimo: kati ya mwaka 1915 na 1921 usawa wa bahari ulipimwa mfululizo katika gati lake, na wastani uliopatikana ndio sifuri ambayo urefu wa milima ya Scotland bara na Wales huhesabiwa kutoka kwayo hadi leo.

Mwanga

Penzance iko kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, na athari yake humshangaza mtu aliyezoea siku za Ikweta zisizobadilika. Karibu na tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa mbili na dakika ishirini asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini jioni, yaani mchana wote ni saa nane tu, na siku ya mawingu mazito hata hizo hazitimii. Katikati ya Novemba mchana ni saa tisa hivi, na ifikapo tarehe mosi Machi umeshafika saa kumi na moja. Kwa Mwislamu, ratiba hiyo ina jambo jingine la kuzingatiwa: mwezi wa Desemba swala za adhuhuri, alasiri na magharibi huangukia ndani ya muda wa saa nne hivi, kwa hiyo matembezi marefu yanafaa yapangwe asubuhi, na mchana uachiwe mahali penye paa.

Kwa kuunganisha mwezi na mwanga, uchaguzi wa tarehe huwa mwepesi. Kipindi bora kuliko vyote ni kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi, baada ya likizo ya nusu muhula ya shule za Uingereza, ambayo huwa katikati ya Februari na hupandisha bei kwa wiki moja. Wakati huo mikondo ya maji yenye joto kiasi ya Atlantiki huwa imeifanya Cornwall itangulie sehemu nyingine za nchi kuingia katika majira ya kuchipua; mashamba ya maua ya njano yaitwayo dafodili huwa tayari yamechanua, na bustani za zamani huwa na mikamelia, vichaka vya asili ya Asia ya mashariki vinavyotoa maua makubwa kabla ya mimea mingi kuamka. Nafasi ya pili ni nusu ya kwanza ya Novemba, ambapo bahari bado ina nyuzi 13 au 14 na sili wa kijivu, wanyama wa baharini wanaonyonyesha watoto wao, huonekana wakilala na vichanga vyao kwenye fuo zisizofikika. Vichanga hivyo havisogelewi, maana mama akitishwa huweza kumwacha mtoto wake.

Januari ni mwezi wa kuepukwa. Wenye migahawa na nyumba za wageni huutumia kupumzika na kupaka rangi, na msafiri hukuta matangazo ya kufungwa mlango baada ya mlango. Desemba nayo ina sababu moja tu ya nguvu, nayo ni Mousehole, kijiji cha wavuvi ambacho wenyeji hulitamka jina lake takriban “Mauzl”, na ambacho hupamba bandari yake kwa taa kuanzia katikati ya mwezi huo hadi mwanzoni mwa Januari. Anayekwenda kuziona afahamu kwamba tarehe 19 Desemba nyingi kati ya taa hizo huzimwa kwa muda, kwa kumbukumbu ya usiku wa tarehe hiyo mwaka 1981, ambapo mashua ya uokoaji Solomon Browne ilitoka hapo jirani ikiwa na wanakijiji wanane wa kujitolea ili kuisaidia meli Union Star iliyokuwa ikisukumwa kwenye miamba na tufani, wakafa wote, pamoja na watu wanane waliokuwa melini.

Mahali pa kulala

Kosa la kawaida la safari fupi ni kutaka kuona kaunti nzima kwa siku nne, kulala Newquay usiku mmoja, Tintagel mwingine na Falmouth wa tatu. Katika mchana wa saa tisa, kuhama huko hula sehemu kubwa ya mwanga, na kila kituo kipya humtaka msafiri ajue upya ni mkahawa gani uko wazi. Inafaa achague kituo kimoja, na kwa asiye na gari kituo hicho ni Penzance. Reli kutoka London huishia hapo, mabasi ya Penwith huanzia hapo, na muhimu zaidi ni mji wenye watu wake, wenye maduka ya dawa, shule na soko la samaki la Newlyn lililo umbali wa kutembea kwa miguu, kwa hiyo hauzimiki watalii wanapoondoka.

Wengi watapendelea St Ives kwa sababu ya picha zake, na ni kweli kwamba mji huo ni mzuri, lakini sehemu kubwa ya nyumba za mtaa wake wa zamani ni za watu wanaoishi kwingine na kuja kiangazi. Hali hiyo iliwakera wenyeji kiasi kwamba mwaka 2016 walipiga kura na kuunga mkono kwa wingi kanuni ya kutaka nyumba mpya ziuzwe tu kwa watakaozifanya makazi yao ya kudumu. Usiku wa Februari vichochoro vya karibu na bandari huwa na madirisha meusi mengi kuliko yenye taa. Mji huo unafaa zaidi kutembelewa mchana, kwa treni ndogo inayotoka kituo cha St Erth na kupita ukingoni mwa ghuba, safari fupi ambayo kwa uzuri haina mshindani wa karibu katika reli za Uingereza.

Kabla ya kulipia nyumba ya kukodi, maswali matatu yaulizwe kwa maandishi: iwapo gharama ya kupasha nyumba joto imo ndani ya bei, iwapo pana mahali pa kukaushia nguo na viatu, na masharti ya kurudishiwa fedha treni ikikatika kwa dhoruba. Swali la kwanza huonekana dogo hadi mtu anapolala katika nyumba ya mawe ya karne ya 18 yenye hita moja. Kwa safari ya usiku mmoja au miwili, nyumba ya wageni inayotoa kifungua kinywa ni nafuu ya akili kuliko kukodi nyumba nzima.

Kufika

Treni kutoka kituo cha Paddington, London, hadi Penzance huchukua saa tano au zaidi kidogo, na huingia Cornwall kwa Royal Albert Bridge, daraja la chuma lililosanifiwa na Isambard Kingdom Brunel na kufunguliwa mwaka 1859. Ipo pia treni ya usiku yenye vitanda, iitwayo Night Riviera, ambayo husafiri kila usiku isipokuwa Jumamosi, nayo huokoa siku nzima ya mwanga: msafiri hulala London na kuamka karibu na Atlantiki. Tiketi zinazonunuliwa wiki kadhaa mapema huwa rahisi sana kuliko za siku ileile, lakini hufungamana na treni moja tu.

Reli hiyo ina udhaifu unaofaa kujulikana. Kwenye mji wa Dawlish, huko Devon, hupita juu ya ukuta wa bahari wenyewe, na mwezi wa Februari 2014 dhoruba iliuvunja ukuta huo na kuziacha reli zikining'inia hewani, ikawa Cornwall haina treni ya kuiunganisha na London kwa miezi miwili. Ukuta mpya na mrefu zaidi umejengwa tangu wakati huo, ila upepo mkali unapotabiriwa treni bado hupunguzwa mwendo au kusitishwa, na siku za Jumapili za msimu wa baridi ndizo ambazo mafundi hupewa reli kwa matengenezo. Kwa hiyo siku ya kurudi inafaa isiwe Jumapili, wala isiwe siku ya kuamkia jambo lisiloweza kuahirishwa.

Gari hurahisisha kufika Lizard na vijiji vya ndani, na dereva wa Kenya, Tanzania au Uganda atajikuta upande wa barabara aliouzoea; leseni ya nchi yake humruhusu kuendesha kwa miezi 12 kama mgeni. Kinachohitaji uzoefu ni vichochoro vya mashambani vyenye upana wa gari moja, vilivyobanwa na kuta za mawe zilizoota majani hata zikaonekana kama ua wa kawaida, ambapo anayekutana na mwenzake hurudi kinyumenyume hadi penye nafasi. Barabara ya B3306 kati ya St Ives na St Just hupita katikati ya mashamba madogo yenye mipaka ya mawe iliyowekwa maelfu ya miaka iliyopita, na peke yake inatosha kuhalalisha kukodi gari kwa siku moja. Kuhusu viza, jambo moja tu lisisitizwe: Uingereza haimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza iliyotolewa na Ujerumani au Ufaransa haimpi mtu ruhusa ya kuingia Cornwall.

Visiwa vya Scilly, ambavyo kwenye ramani huonekana karibu sana, visitiwe katika mpango wa siku nne. Meli yao ya abiria haifanyi kazi katika miezi ya baridi, na ndege ndogo hukwama kwa ukungu.

Upepo, na jinsi ya kupanga siku

Penwith ni nyembamba kiasi kwamba mtu anaweza kutoka pwani ya kaskazini hadi ya kusini kwa basi kwa muda usiofika saa moja. Huu ndio utajiri wake mkubwa wakati wa baridi, kwa sababu upepo unapoipiga pwani moja, nyingine mara nyingi huwa imekingwa. Upepo wa kawaida ni wa magharibi na kusini-magharibi. Unapovuma huo, bandari ya St Ives, iliyogeuka kaskazini-mashariki, na ile ya Mousehole, iliyogeuka mashariki, huwa na utulivu wa kushangaza, wakati Sennen na Cape Cornwall hakusimamiki. Unapovuma wa kaskazini, ni heri kwenda Porthcurno au Lamorna upande wa kusini. Kwa hiyo siku za safari zisiandikwe “Jumamosi hapa, Jumapili pale”, bali ziandikwe kwa hali: siku tulivu, siku ya upepo wa magharibi, siku ya mvua, halafu utabiri wa jioni uamue kesho yake ni ipi. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza, Met Office, hutoa tahadhari kwa rangi tatu, njano, kaharabu na nyekundu kwa kadiri ya hatari, na tangu mwaka 2015 dhoruba kubwa hupewa majina ili watu wazifuatilie kwa urahisi. Njano ni ya kubadili mpango. Kaharabu ni ya kubaki mjini.

Siku tulivu, hata ikiwa moja tu, ipewe magenge ya bati. Kutoka Cape Cornwall hadi Botallack na kuendelea hadi Levant ni matembezi ya saa mbili au tatu kwa mtu anayesimama kutazama, na mwisho wake ni kijiji cha Pendeen. Majengo ya mawe yaliyosimama ukingoni mwa bahari yalikuwa na injini za mvuke zilizovuta maji kutoka migodini, kwani wachimbaji wa hapa walifuata mishipa ya bati na shaba chini ya sakafu ya bahari yenyewe, na huko Levant mashimo yalifika zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka pwani. Mwaka 1919 chombo kilichokuwa kikiwapandisha na kuwashusha wafanyakazi wa Levant, aina ya ngazi iliyoendeshwa kwa mashine, kilikatika na kuua watu 31. Mgodi jirani wa Geevor uliendelea hadi mwaka 1990 na sasa ni makumbusho ambamo mgeni huingizwa chini ya ardhi. Eneo lote la migodi ya Cornwall na magharibi mwa Devon liliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Siku za kufunguliwa hupunguzwa wakati wa baridi, na zinapaswa kuthibitishwa kabla ya kupanda basi. Land's End, ambayo wageni wengi huiona kuwa lazima kwa sababu ya jina lake, imezungushiwa maduka na michezo ya watoto, na mwenye nafasi ya rasi moja tu atapata zaidi Cape Cornwall.

Siku ya mvua haina haja ya kuhuzunikiwa mradi iwe na mahali pa kwenda, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki mahali hapo ni Porthcurno. Katika ghuba hiyo ndogo, mwaka 1870, uliingizwa nchi kavu waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari na kuiunganisha Uingereza na India kwa kupitia Gibraltar, Malta, Misri na Aden. Mwaka 1879 kutoka Aden ulitandazwa waya mwingine hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji hadi Durban, na tangu hapo habari za Unguja, zilizokuwa zikichukua wiki kadhaa kwa meli hadi London, zikaweza kufika kwa saa chache. Makumbusho ya hapo huonyesha mitambo iliyopokea ishara hizo, pamoja na mahandaki yaliyochongwa ndani ya itale wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kuikinga mitambo na mabomu. Juu ya genge la jirani upo ukumbi wa maonyesho wa Minack, uliochongwa mwambani kuanzia miaka ya 1930 kwa juhudi za mwanamke mmoja, Rowena Cade, na ambao upepo ukizidi hufungwa.

Mvua ikiangukia siku nyingine, St Ives ina Tate, jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 1993, na karakana ya vyungu iliyoanzishwa mwaka 1920 na Bernard Leach pamoja na Mjapani Shoji Hamada. Karakana hii nayo ina uhusiano na Kenya: mwanafunzi wa Leach, Michael Cardew, alikwenda baadaye kuanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria, na ni katika kituo hicho ambapo Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi ambaye vyungu vyake sasa vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, alijifunza miaka ya 1974 na 1975.

Chakula

Jambo la chakula ni fupi. Samaki wa Newlyn ni wazuri majira yote, na kwa asiyekula nyama isiyochinjwa kwa sheria ya Kiislamu ndio kimbilio, kwa kuwa nyama halali ni adimu huku. Pasti ya Cornwall, yaani andazi lililookwa lenye nyama ya ng'ombe, viazi, vitunguu na mzizi mtamu unaofanana na tanipu, jina lake limelindwa kisheria tangu mwaka 2011, na karibu kila duka huuza pia ya jibini au mboga. Majiko mengi hufungwa mchana baada ya saa nane na hayafunguliwi kabisa Jumatatu na Jumanne, kwa hiyo meza ya jioni ihifadhiwe kwa simu hata kama mji unaonekana mtupu.

Nguo, njia na hatari

Baridi ya Cornwall si ya theluji. Mchana wa Februari huwa na nyuzi 8 au 9, na kinachotesa ni upepo uliobeba maji, ambao huugeuza mwavuli kuwa takataka kwa dakika chache. Kinachohitajika ni koti na suruali visivyopitisha maji, sweta la sufu au la kitambaa kinachokauka upesi, buti zenye nyayo za meno, na tochi ya kichwani, kwa sababu giza huingia haraka. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki hadi safari iishe.

Njia ya pwani, South West Coast Path, yenye urefu wa kilomita 1,014 kutoka Minehead hadi Poole, ilitokana na nyayo za askari wa doria waliokuwa wakiwinda wafanya magendo, na kwa kuwa walilazimika kuchungulia kila hori, njia hiyo hushuka na kupanda bila huruma. Kipande cha St Ives hadi Zennor ni kilomita 10 tu kwenye ramani, lakini mtu mwenye afya huhitaji saa nne wakati wa tope, na simu mara nyingi hazishiki mtandao. Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey ibebwe. Anayetembea aanze asubuhi na ajiwekee saa ya kugeuka nyuma, bila kujali amefika wapi. Ukingo wa genge ulioota majani mara nyingi hauna kitu chini yake, na upepo wa magenge hauji kwa nguvu moja bali kwa mapigo.

Kutazama dhoruba ni sababu halali ya kwenda Cornwall wakati wa baridi, mradi kufanywe kutoka juu na mbali. Porthleven, ambayo mnara wake wa saa huonekana katika picha nyingi ukifunikwa na wimbi, ilivunjiwa mihimili mikubwa ya mbao inayoziba lango la bandari yake katika Februari ileile ya 2014, na mashua zilizokuwa ndani zikazama. Mahali pa kusimama ni mtaa wa upande wa pili wa bandari, kamwe si juu ya gati. Bamvua inayowapa wasafiri ufuo mpana wakati wa adhuhuri ndiyo hiyohiyo inayojaa jioni giza likiingia, na ikikutana na dhoruba maji huvuka ukuta wa barabara ya bahari ya Penzance. Kuogelea kuachwe kwa wenyeji waliozoea: mwezi Machi bahari huwa na nyuzi 9 au 10, baridi inayomfanya mtu avute pumzi ghafla bila kupenda na kunywa maji, na walinzi wa fuo huwa wameondoka tangu vuli.

Ajali ikitokea pwani, nambari ya kupiga ni 999 au 112, na anayepokea aambiwe kwamba anahitajika Coastguard, yaani walinzi wa pwani, ambao ndio wanaotuma helikopta na kuziita mashua za RNLI, chama cha uokoaji kilichoanzishwa mwaka 1824 na kinachoendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea. Simu hiyo ni ya bure, na aliyeokolewa hatozwi chochote.